Tafadhali Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Umepewa kazi ya kuandika maneno ya tovuti ya ofisi. Hongera. Huenda umepewa kwa kuwa wewe ndiye Afisa Habari, huenda ni kwa kuwa siku ya kikao ulitoka nje kupokea simu na uliporudi ukakuta jina lako limeshaandikwa ubaoni. Yote sawa. La msingi ni kuelewa mapema kwamba kazi ya tovuti ya ofisi ni kuwepo. Mkaguzi akija aikute, mgeni rasmi akiuliza aonyeshwe, na kwenye taarifa ya mwaka iandikwe kwamba tovuti imehuishwa. Habari ya kusomwa haimo kwenye hadidu za rejea.

Hata hivyo wapo watu wasumbufu ambao hufungua tovuti wakiwa na shida. Mwongozo huu unawahusu hao, yaani namna ya kuwapokea kwa heshima zote na kuwarudisha walikotoka bila wao kujua nini kimewapata.

Tuchukue mfano wa mamlaka ya maji ya mji wowote nchini, na ukurasa mmoja tu: jinsi ya kuunganishiwa maji. Anayekuja kuusoma ni mama aliyemaliza kujenga vyumba viwili na sebule, na amechoka kununua maji ya madumu kwa jirani. Amesimama uani, bando la siku limebakiza MB za kuhesabu, fundi bomba anamtazama. Anataka kujua mambo matatu: nilete nini, ni shilingi ngapi, nitasubiri siku ngapi. Majibu yote unayo, na yanaenea kwenye kiganja. Sasa tuanze kuyatawanya.

Ukurasa wa mwanzo uanze na picha ya Mkurugenzi. Avae suti, bendera iwe nyuma yake, kalamu iwe mkononi juu ya jalada analojifanya kusaini. Chini ya picha liwekwe Neno la Ukaribisho, aya nne zinazomshukuru Mwenyezi Mungu, kisha Wizara, kisha Bodi, menejimenti, watumishi na wadau wa maendeleo, mpaka itifaki iwe imezingatiwa. Ndipo ifuate dira. Kwenye dira usisahau kusema kwamba mnataka kuwa taasisi kinara. Taasisi zote ni kinara. Ukitafuta moja inayokubali kufuata nyuma utazunguka nchi nzima. Halafu dhamira, halafu maadili ya msingi, halafu maandishi mekundu yanayokimbia kutoka kulia kwenda kushoto yakisema KARIBU KATIKA TOVUTI YETU, yaani unamkaribisha mtu ambaye ameshaingia na sasa anatafuta pa kukaa.

Usidhani haya ni mazoea tu, yana sayansi yake. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark aliyefanya kazi zake nyingi Marekani, alieleza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa watumiaji wa tovuti: asilimia 79 yao walipokutana na ukurasa mpya waliupitishia macho juu juu, na waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Mwaka 2006 kampuni yake ikafuatilia macho ya watu 232 wakiwa mbele ya kurasa za tovuti. Ikaonekana macho huchora kitu chenye umbo la herufi F: yanakwenda kulia kwenye mstari wa juu, yanarudia chini kidogo kwa safari fupi zaidi, kisha yanateremka ubavuni kushoto. Watu wengine waliposikia hivyo walikimbilia kuweka jambo muhimu juu na kushoto, na neno lenye uzito mwanzoni mwa mstari. Wewe umepata kitu bora zaidi, ramani ya mahali ambapo jicho haliendi. Gharama za kuunganishiwa maji ziwekwe huko, chini, kulia, baada ya picha 24 za maandamano ya Mei Mosi.

Tuje kwenye lugha. Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi: uliandika Kiingereza ukaenda zako kunywa chai. Lakini mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo imekuwa aibu kidogo kwa ofisi ya maji kumwongelesha mama wa watu Kiingereza. Kwa hiyo jambo sharti lifichwe ndani ya Kiswahili chenyewe, mchana kweupe, na hapo ndipo ufundi unapohitajika.

Kwanza, ondoa watu. Hakikisha kwamba katika ukurasa mzima hakuna binadamu anayefanya chochote. Fundi haji kupima, ila zoezi la upimaji litafanyika. Mama halipi, malipo ndiyo yatakayofanyika. Na fundi akikaa wiki tatu bila kutokea, hakuna aliyechelewa: kumekuwepo na changamoto. Kisha vipandishe cheo vitenzi. Kuhakiki ni kitenzi cha watu wa kawaida. Ofisini tuna ufanyikaji wa zoezi zima la uhakiki. Mwisho, maneno yatembee kwa makundi. Sheria haiendi popote bila kanuni, taratibu na miongozo, na ubora ukionekana peke yake bila uendelevu na ujumuishi watu wataanza kuuliza maswali. Matokeo yake yatakuwa hivi:

"YAH: UTARATIBU WA KUUNGANISHIWA HUDUMA YA MAJISAFI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika kutekeleza suala zima la utoaji wa huduma bora, endelevu na jumuishi kwa wateja na wadau wake wote, Mamlaka inapenda kuutaarifu umma kwamba maombi ya kuunganishiwa huduma yatashughulikiwa kwa kuzingatia sheria, kanuni, taratibu na miongozo iliyopo, baada ya mwombaji kuwa amekamilisha taratibu zote za awali zinazopaswa kukamilishwa na mwombaji kabla ya kuwasilisha maombi husika kwa hatua zaidi za kiutendaji."

Huo ni ufundi. Sentensi ile ndefu ina maneno 59 na hakuna hata moja unaloweza kushtakiwa nalo. Serikali ya Uingereza, iliyozikusanya tovuti za wizara zake kwenye GOV.UK kuanzia mwaka 2012, huwaelekeza waandishi wake wasivuke maneno 25 kwenye sentensi. Neno la 25 katika sentensi yetu ni "ya", na hapo bado hatujajua ya nini.

Atatokea mjuaji atakayetaka kuupima ukurasa wako kwa kanuni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ile inayohesabu urefu wa sentensi na idadi ya silabi kwa kila neno, kisha inatoa alama ambazo kwa kawaida huwa kati ya 0 na 100, kubwa zikiwa ndizo za maandishi mepesi. Mwache apime, atajifunga mwenyewe. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi mafupi. Chukua sentensi "Hatutakuunganishia." Ina neno moja, silabi tisa, na kwa hesabu za Flesch inapata karibu hasi 556. Na hiyo ndiyo sentensi nyepesi kuliko zote ambazo ofisi imewahi kumwambia mteja. Ukishamwonyesha hivyo, sema kwa sauti ya upole kwamba vipimo vya kigeni havifai kwetu, na ufunge mjadala kabla hajapendekeza kipimo kingine, kama kumpa mtu asome na kumuuliza ameelewa nini.

Ikiwa pamoja na juhudi zote hizi maandishi yameanza kueleweka, usiyabandike kwenye ukurasa. Yachape, yapeleke yakasainiwe, yagongwe muhuri, kisha uyaskani. Karatasi isiyo na muhuri ni porojo, kila mtumishi anajua. Muhuri uangukie kwenye kiasi cha ada, ikiwezekana juu ya tarakimu ya kwanza. Ile skana ya masjala hupindisha karatasi kidogo upande wa kushoto, iache ipindishe. Faili likifika MB 14 limeiva. Lipe jina SCAN0047 au, kama unapenda mapambo, TANGAZO MAJI FINAL (2) LA MWISHO KABISA.

Faida za njia hii ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Karatasi iliyoskaniwa, kwa macho ya kompyuta, ni picha tu, haina tofauti na ile ya Mkurugenzi na kalamu yake. Bila programu ya kutambua herufi, anayetafuta neno "maji" ndani yake hatalipata. Asiyeona, ambaye simu yake humsomea kilicho kwenye skrini, ataambiwa kuna picha na basi. Mama wa uani atasubiri MB 14 zishuke, bando litakata kwenye ya tisa, na hapo ameshailipa kampuni ya simu kwa kutosoma. Akifanikiwa kulifungua ataona ukurasa wa A4 umebanwa kwenye kioo cha inchi tano, atauvuta kwa vidole viwili, atasoma nusu ya mstari, ataburuza kulia, atapotea, atarudi. Nami naongeza faida ambayo wakongwe huithamini kuliko zote: ada ikibadilika, huwezi kurekebisha tarakimu moja. Unachapa tangazo jipya, linasainiwa, linagongwa muhuri, linapakiwa. La zamani usiliondoe, ni kumbukumbu. Sasa una matangazo mawili, yote yana muhuri, hakuna lenye mwaka, na mwananchi atachagua mwenyewe alipendalo. Huo ndio ushirikishwaji.

Saa za kazi ziandikwe 7:30 – 3:30, bila asubuhi wala alasiri. Anayesoma saa za Kizungu atafika asubuhi. Anayesoma saa zetu atakuja saa saba na nusu mchana, akiamini mnachapa kazi mpaka saa tatu na nusu usiku, na atakwenda nyumbani akiwasifu kwa uzalendo. Tarehe nazo ziwe za kusimulia: "wiki ijayo", "hivi karibuni", "mwisho ni Ijumaa". Tangazo la namna hiyo halichakai. Miaka mitatu baadaye bado mwisho ni Ijumaa.

Kwenye menyu, panga mambo kwa idara. Mama atafute maji yake chini ya Kurugenzi ya Huduma za Biashara, Sehemu ya Mahusiano kwa Wateja, Kitengo cha Maunganisho Mapya. Kama hajui muundo wa taasisi, muundo upo, uko kwenye PDF. Viungo vyote viitwe "Bonyeza hapa", vifuatane vinane, ili atakayebonyeza abonyeze kwa imani. Kuhusu Maswali Yaulizwayo Mara kwa Mara, usiende dirishani kusikiliza watu wanauliza nini. Kaa mezani utunge: "Je, Mamlaka ilianzishwa lini?" "Je, Mamlaka ina kurugenzi ngapi?" Katika historia ya mabomba hakuna aliyewahi kuamka alfajiri akiwa na maswali hayo, na ndiyo maana ni salama.

Sasa tumjue adui.

Mkabala na lango la ofisi, ng'ambo ya barabara, kuna duka la steshenari. Lina mashine ya kopi, mashine ya laminesheni, friji la soda, na kijana ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya mawasiliano ya umma. Mlangoni amebandika karatasi aliyoichapa mwenyewe:

"FOMU ZA MAJI TUNAJAZA HAPA. NJOO NA: KITAMBULISHO, PICHA 2, BARUA YA SERIKALI YA MTAA, NAKALA YA HATI AU MKATABA WA KUNUNULIA KIWANJA. KUJAZA 2,000. WATAKUJA KUPIMA, HALAFU UTALETEWA NAMBA YA MALIPO. USIMPE MTU PESA MKONONI."

Iangalie vizuri karatasi hiyo maana ni hatari. Haimshukuru mtu. Neno la tatu ni maji, kitu ambacho mama amekijia. Kila kitu cha kuleta kimetajwa kwa jina linalotumika nyumbani, hakuna "nyaraka husika". Bei ipo. Kinachofuata baada ya fomu kipo, na kina watu ndani yake: wao watakuja, wewe utaletewa. Mwishoni kuna onyo la maneno manne ambalo ofisi ingelitungia mkakati wa miaka mitano. Maneno hayafiki arobaini. Yameandikwa kwa herufi kubwa tupu, kosa ambalo mwalimu yeyote angelikemea, na bado mama amesoma akiwa kwenye bodaboda inayopunguza mwendo.

Kijana yule hajui Nielsen ni nani. Ila anajua kwamba mama akisoma asielewe, atavuka kwenda duka la pili na shilingi 2,000 imekwenda. Kila neno lisiloeleweka linamtoka mfukoni. Wewe neno lisiloeleweka halikukati kitu, mshahara unaingia tarehe ile ile, sentensi ikiwa ya maneno 9 au 59. Basi usijilaumu kwa kuandika unavyoandika, wala usimsifu yeye sana. Mpeni barua ya ajira, kiti cha kuzunguka na kompyuta ya ofisi, na kabla ya Sabasaba atakuwa anahusika na vichwa vya habari hapo juu kama wenzake.

Tena kumbuka kwamba ukungu wako unatoa ajira. Ukurasa mmoja ulioandikwa kiofisi unamlisha kijana wa steshenari, unamlisha bodaboda aliyemleta mama mara tatu, na unamlisha kishoka. Huyu wa mwisho ndiye mwandishi bora kuliko sote. Anamvizia mama kwenye kivuli cha mwembe na kumwambia: "Mama, nipe laki moja, kesho kutwa maji yanatoka." Nani anatoa, anampa nani, kiasi gani, lini, na atapata nini, vyote vimo kwenye sentensi moja. Ni uongo mtupu, lakini umenyooka. Mama anafungua mkoba.

Ofisi itapata malalamiko na itatoa onyo kali dhidi ya vishoka. Onyo hilo nalo ligongwe muhuri, liskaniwe, lipakiwe kwa PDF.

Hatari kubwa zaidi itatoka ndani. Siku moja ataletwa binti wa mafunzo kwa vitendo, na kwa kuwa hakuna wa kumpangia kazi, atakaa dirishani na kusikiliza wateja kutwa. Atarudi na ukurasa wenye vichwa vitatu: Nilete nini? Ni shilingi ngapi? Nitasubiri siku ngapi? Chini ya kila kichwa mistari miwili mitatu. Atakuja nao mezani kwako.

"Shikamoo, mkuu. Nimempa babu mlinzi asome, ameelewa yote."

"Marahaba, mwanangu. Mlinzi ameelewa? Sasa hadhi ya taasisi iko wapi?"

Ni binti msomi, atakuja na hoja. Atakwambia kwamba Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 inayozitaka ofisi za serikali kuu kuandika mambo ya umma kwa lugha nyepesi. Mjibu kwamba sisi tuna mazingira yetu. Atakusimulia habari za Chrissie Maher wa Uingereza, mwanamke aliyefika umri wa ujana bila kujua kusoma, ambaye mwaka 1979 alianzisha kampeni ya lugha rahisi kwa kuchanachana mamia ya nyaraka za serikali uwanjani mbele ya Bunge, London. Sikiliza kwa makini, tikisa kichwa, na kuanzia siku hiyo usimwache peke yake na mashine ya kuchania karatasi.

Kumkatalia waziwazi si busara. Unda kamati. Rasimu yake ipelekwe kwenye warsha ya siku tano Morogoro, mbali kidogo na simu za wateja na karibu na hoteli yenye bufee. Hapo hakuna atakayeipinga. Kila mmoja ataiboresha. Mwanasheria ataongeza "bila kuathiri masharti mengine yoyote", kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mhasibu hatakubali bei itajwe kabla ya kueleza kwamba bei inaweza kubadilika, kwa hiyo bei itaondolewa na maelezo ya kubadilika yatabaki. Mhandisi atataka neno "bomba" liwe "miundombinu ya usambazaji". Mtu wa mipango atauliza mbona hakuna uhusiano na Dira ya Taifa. Wa itifaki ataona Mkurugenzi hajatajwa. Hakuna mwenye nia mbaya kati ya hao, kila mtu anailinda meza yake, na kwa kuwa mama wa uani hana meza Morogoro, hakuna anayeilinda ya kwake. Siku ya tano alasiri, mistari minane ya binti itakuwa kurasa sita na kiambatisho. Atashukuriwa kwa mchango wake na kupewa cheti cha ushiriki.

Kilichobaki ni uzinduzi. Kodi viti na mahema, waite ngoma, waalike wanahabari na uwape bahasha ya nauli. Kompyuta mpakato ifungwe utepe, mgeni rasmi akate utepe kisha abonyeze kitufe. Intaneti ikigoma watu wapige makofi hivyo hivyo, kwani hakuna aliyekuja kusoma. Mwaliko kwa wananchi uwekwe kwenye tovuti hiyo hiyo mpya, sehemu ya Matangazo, siku mbili baada ya sherehe.